“Karibu na” Haitoshi: Maneno ya Kiingereza ya Ukaribu na Wajibu wa Mfasiri wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika madarasa ya tafsiri, na hata katika ofisi ambamo nyaraka rasmi hufasiriwa, pamezoeleka jambo moja ambalo bado halijatiliwa maanani ipasavyo. Neno la Kiingereza “near” hufasiriwa “karibu na”. “Close to” nalo hufasiriwa “karibu na”. “Next to”, “beside”, “by”, “adjacent to” na “in the vicinity of” yote huishia katika mlango huo huo mmoja. Mwanafunzi hupewa alama zake, mteja hupokea waraka wake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ni kasoro, na kwamba kasoro yenyewe haitokani na umaskini wa Kiswahili. Inatokana na dhana potofu kuhusu tofauti iliyopo baina ya maneno hayo ya Kiingereza. Wengi hudhani kuwa tofauti hiyo ni ya kiasi cha umbali: kwamba neno moja lataja umbali wa hatua mbili, jingine hatua kumi, na jingine nusu maili. Kwa kuwa hatua hazina idadi maalumu, basi huonekana kuwa kirai kimoja cha Kiswahili chaweza kubeba yote. Itaonyeshwa hapa kwamba kila neno kati ya hayo hujibu swali lake, na kwamba Kiswahili kina njia zake za kuyajibu maswali hayo yote, mradi mfasiri ayatambue kwanza.

Suala hili lina uzito zaidi leo kuliko lilivyokuwa miongo mitatu iliyopita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Maana yake ni kwamba sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa muda mrefu zinapaswa kusomeka na kutumika kwa Kiswahili. Katika hadithi, “karibu na” isiyo sahihi humpunguzia msomaji ladha. Katika sheria, yaweza kumpunguzia mtu shamba lake au uhuru wake.

2.0 Kanuni ya Darasani na Upungufu Wake

Walimu wengi wa Kiingereza huwafundisha wanafunzi wao kanuni nyepesi: “near” hutumika kwa umbali wa mahali, na “close” hutumika kwa uhusiano wa watu. Kanuni hii ina chembe ya ukweli, lakini haisimami ikipimwa kwa mifano. Nyumba yaweza kuwa “close to the road”, na hapo hapana uhusiano wa watu wala mapenzi. Kwa upande mwingine, ndugu wa damu huweza kuitwa “near relatives”, na hapo hapana mita wala maili. Kanuni isiyoweza kueleza mifano ya kawaida kama hii haina budi kutazamwa upya.

Historia ya maneno hayo yatoa mwanga bora zaidi. Katika Kiingereza cha Kale palikuwa na neno moja lililokuja kuwa “nigh”, lenye maana ya karibu. Umbo lake la kulinganisha, yaani “karibu zaidi”, ndilo mzazi wa “near”, ingawa Kinorse cha Kale nacho kilichangia. Na umbo lake la upeo, yaani “karibu kuliko vyote”, ndilo lililozaa “next”. Kwa hiyo “near” na “next” ni watoto wa nyumba moja, na kila mmoja amebaki na tabia ya umbo alilotoka. “Near” hupanda na kushuka kwa daraja: kitu chaweza kuwa karibu kidogo, karibu sana, au karibu zaidi ya kingine. “Next” haina daraja. Kitu ama ndicho kinachofuata ama sicho. Hata neno “neighbour” linatoka katika shina hilo hilo la kale, likiunganishwa na neno lenye maana ya mkazi: jirani ni akaaye karibu.

“Close” haimo katika ukoo huo. Limekuja kwa njia ya Kifaransa cha Kale kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga. Kiini chake ni kuzibwa kwa nafasi iliyo kati ya vitu viwili. Hii ndiyo sababu neno hilo hutumika kwa nguo iliyobana mwili, kwa mbio ambazo washindani wake wamekaribiana mno, kwa uchunguzi usioacha upenyo, na kwa rafiki ambaye hapana kinachowatenganisha. Matumizi ya urafiki si maana ya pekee iliyotengwa na ile ya mahali, kwani yote mawili yatoka katika wazo moja, yaani pengo lililozibwa au lililokaribia kuzibika.

Hapa pana jambo la kuvutia kwa mtaalamu wa semantiki. Kiingereza kimeuchukua urafiki wa dhati katika wazo la kufunga. Kiswahili kimeuchukua katika wazo la undani. Mwandani ni mtu aliye ndani. Usemi “rafiki wa karibu”, ambao siku hizi umetapakaa kote, hauna kosa la kisarufi, lakini mfasiri anayeukimbilia kila mara huacha nyuma “mwandani”, “msiri”, “sahibu”, “rafiki wa kufa na kuzikana”, na wale walio “kama chanda na pete”. Chanda na pete haviko karibu tu; kati yake hapana nafasi. Huo ndio ufasaha wa maana ya “close”, nao ulikuwamo katika Kiswahili kabla ya darasa lolote la tafsiri.

3.0 Maswali Sita

Ikiwa tofauti haimo katika kiasi cha umbali, imo katika nini? Yafaa maneno haya yapangwe kulingana na swali ambalo kila moja hulijibu.

Swali la kwanza ni la umbali: je, safari kutoka hapa hadi pale ni ndefu au fupi? Hili ndilo swali la “near”. Jibu lake hutegemea kipimo cha msemaji. Kwa mwenye gari, kilomita kumi ni karibu. Kwa mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, nusu kilomita ni mbali. “Nearby” hujibu swali hilo hilo, lakini bila kutaja kitu kinachopimiwa. Hulazimisha msikilizaji akielewe kutokana na muktadha.

Swali la pili ni la pengo: je, nafasi iliyobaki kati ya viwili hivi ni kubwa au ndogo? Hili ni la “close”. Huonekana kufanana na la kwanza, lakini mkazo umehama kutoka safari hadi upenyo. Dereva hulaumiwa kwa kumfuata mwenzake “too closely” kwa sababu nafasi ya kufunga breki imekwisha.

Swali la tatu ni la mfuatano: je, kati ya hiki na kile pana kingine cha aina yake? Hili ni la “next”. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, akishaipita Chalinze kwa kilomita moja, mji ulio karibu zaidi naye ni Chalinze, nao uko nyuma yake. Mji unaofuata uko mbele, tena mbali zaidi. Mfasiri anayeandika “mji wa karibu” pale palipoandikwa “the next town” amemgeuza msafiri arudi alikotoka. Vivyo hivyo, nyumba iliyo “next to” shule katika kijiji cha nyumba zilizotawanyika yaweza kuwa umbali wa mita mia mbili. La muhimu ni kwamba hapana nyumba nyingine kati yake.

Swali la nne ni la upande: je, kitu kiko mbele, nyuma, juu, chini au ubavuni? “Beside” lilianza kama kirai chenye maana ya “kwa ubavu”, na bado ubavu haujalitoka. Aliyesimama nyuma ya mwenzake, hata wakigusana, hayuko “beside” yake.

Swali la tano ni la nafasi ya kutendea: je, mtu yuko pale ambapo kitu hicho hutumika au hutunzwa? Hili hujibiwa mara nyingi na “by”. Mlinzi aliyeko “by the gate” yuko kwenye kazi ya lango. Mwuguzi aliyekaa “by the bed” anamtunza mgonjwa. Umbali mfupi ni sharti, lakini hautoshi kuieleza maana.

Swali la sita ni la mpaka na eneo: je, viwili hivi vina mpaka mmoja, vinagusana, au vimo tu katika viunga vimoja? Hapa ndipo yanapoingia maneno ya asili ya Kilatini ambayo sheria za Kiingereza huyapenda: “adjoining”, ambalo kwa kawaida hudai kugusana, “contiguous”, lililotoka katika kitenzi cha kugusa, “adjacent”, lililotoka katika kitenzi cha kulala kando, na ambalo halidai kugusana, na “vicinity”, lililotoka katika neno la Kilatini la jirani, na ambalo hutaja eneo zima linalokizunguka kitu.

Mtu aliyeyaweka maswali haya sita mbele yake hataona tena maneno hayo kuwa visawe. Ataona kuwa ni majibu ya maswali tofauti ambayo, kwa bahati, mara nyingi huwa sahihi kwa pamoja. Nyumba ya jirani aghalabu iko karibu, inafuata, iko ubavuni na inapakana. Wingi wa hali za namna hiyo ndio unaomdanganya mfasiri. Kasoro hujitokeza pale hali hizo zinapoachana.

4.0 Ushahidi wa Mahakama

Kwamba hali hizo huachana, na kwamba zikiachana watu huumia au huponea chupuchupu, haihitaji kubuniwa. Kumbukumbu za mahakama zina mifano ya kutosha.

Mwaka 1904 Privy Council mjini London iliamua shauri baina ya halmashauri za Wellington na Lower Hutt za New Zealand. Mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni maana ya “adjacent”. Iliamuliwa kwamba neno hilo halina maana moja iliyokazwa. Halifungiki kwenye mahali panapogusana, na kiasi cha ukaribu unaohitajika hutegemea mazingira ya kila shauri. Basi mfasiri aandikaye “inayopakana na” kila aonapo “adjacent” amebana maana ambayo sheria iliiacha wazi. Na yule aandikaye “karibu na” kila aonapo “adjoining” amelegeza maana ambayo sheria iliikaza.

Mwaka 1964 majaji wa Uingereza walikabiliwa na shauri la Adler dhidi ya George. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1920 ilikataza kumzuia askari kutekeleza kazi yake “in the vicinity of” mahali palipopigwa marufuku. Mshtakiwa alitenda kosa lake ndani kabisa ya kituo cha jeshi la anga cha Marham, Norfolk. Utetezi wake ulikuwa mwepesi: aliye ndani ya mahali hayuko katika viunga vya mahali hapo. Kwa sarufi tupu, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Lord Parker, Jaji Mkuu, aliikataa. Alisema ingekuwa upuuzi sheria imwadhibu aliye nje ya uzio na kumwachia aliye ndani, na hivyo kirai hicho kikasomwa kana kwamba kimeandikwa “ndani ya au katika viunga vya”. Haki ilipatikana, lakini ilibidi majaji waongeze maneno ambayo mwandishi wa sheria aliyasahau.

Shauri la tatu ni zito zaidi, kwa kuwa liligusa harakati za haki za raia nchini Marekani. Tarehe 15 Desemba 1961, mchungaji B. Elton Cox aliongoza wanafunzi wapatao 2,000 mjini Baton Rouge, Louisiana, kupinga kukamatwa kwa wanafunzi wenzao waliogomea maduka yaliyobagua watu kwa rangi. Walisimama ng’ambo ya barabara, kiasi cha futi 101, yaani takriban mita 31, kutoka ngazi za jengo la mahakama. Sheria ya jimbo ilikataza maandamano ya aina hiyo “in or near” mahakama. Je, mita 31 ni “near”? Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba neno hilo halikuwa na utata wa kuibatilisha sheria, bali liliwaachia wasimamizi wa amani nafasi ya kulitafsiri papo hapo. Na kwa kuwa wakuu wa polisi waliokuwapo walikuwa wamewaonyesha waandamanaji kwamba pale waliposimama paliruhusiwa, kumtia Cox hatiani baadaye kungekuwa ni kumtega. Hukumu dhidi yake ikatenguliwa.

Mashauri haya matatu yafundisha mambo mawili. Kwanza, Kiingereza chenyewe, pamoja na wingi wa maneno yake ya ukaribu, hakina kinga dhidi ya utata. Usahihi hauletwi na idadi ya maneno. Huletwa na mwandishi aliyejiuliza anataka kujibu swali gani. Pili, aliyeshikwa na utata huo ni mtu wa kawaida: mwandamanaji, mwenye kiwanja, askari wa zamu.

Pana pia shauri mashuhuri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1932 baada ya mwanamke mmoja wa Scotland kudai kuwa aliugua kutokana na kinywaji kilichokuwa na mabaki ya konokono katika chupa. Humo Lord Atkin alimtoa “neighbour” katika makazi. Jirani katika sheria akawa mtu yeyote ambaye kitendo changu chaweza kumgusa moja kwa moja kiasi kwamba sina budi kumfikiria kabla ya kutenda. Ukaribu wa namna hiyo hauna uhusiano na ua wala mtaa. Mtengenezaji na mnywaji huweza kuwa miji mbalimbali. Mafundisho hayo yameingia katika sheria za Afrika Mashariki, ambako misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza ilipokewa, Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Mfasiri anayeandika “jirani” bila maelezo humfanya msomaji wa Kiswahili amfikirie mtu wa nyumba ya pili. Kwa maana hii, “anayeguswa na kitendo” hueleweka haraka zaidi kuliko “jirani”, na pia kuliko “mtu wa karibu”.

5.0 Hazina ya Kiswahili

Neno “karibu” limetoka katika Kiarabu, nalo limebeshwa mzigo mkubwa. Lataja umbali: “anakaa karibu”. Lataja wakati: “saa sita i karibu”. Lataja makadirio: “karibu watu mia”. Lataja jambo lililonusurika kutukia: “karibu aanguke”. Lataja ukarimu: “karibu ndani”. Neno lenye kazi nyingi hivyo halipaswi kuongezewa nyingine ambazo zina wenyewe.

Wenyewe hao ni nani? Kwa swali la pengo, Kiswahili kina “-karibiana”, “-songamana”, “-bana” na “-shikamana”. Kwa swali la mfuatano kina “-fuata” na “-a pili yake”. Msemo “nyumba ya pili” wenye maana ya nyumba inayofuata ni wa mitaani kabisa. Kwa swali la upande kina “ubavuni”, “kando”, “pembeni”, “sambamba” na “bega kwa bega”. Kwa swali la mpaka kina “-pakana”, “-gusana” na “-tangamana”. Kwa swali la eneo kina “viunga”, “maeneo ya” na “jirani na”. Ni vyema ikumbukwe kwamba “jirani” nalo, lililokuwa wingi katika Kiarabu, limekuwa umoja katika Kiswahili na limepanuka kutoka mtu hadi mahali.

Tofauti ya “jirani” na “-pakana” yaonekana vizuri katika jiografia. Komoro ni nchi jirani ya Tanzania, lakini hazina mpaka wa nchi kavu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapakana na Tanzania, lakini mpaka wote umo katika Ziwa Tanganyika. Nchi hizo zinapakana bila ardhi zao kugusana. Kenya ni jirani, inapakana, na ardhi zinagusana. Hizo ni daraja tatu, na hakuna hata moja iliyohitaji kuundiwa istilahi mpya.

Kwa swali la nafasi ya kutendea, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina: kiambishi -ni pamoja na upatanisho wa ngeli za mahali. “Mwuguzi alikesha kitandani pa mgonjwa” hutuonyesha mtu aliyekaa ubavuni pa kitanda. “Kitandani mwa mgonjwa” ingempeleka chini ya shuka. PA- hutaja mahali maalumu, KU- hutaja mahali pasipo dhahiri au upande, MU- hutaja ndani. “Mlangoni” hutosha kwa “by the door”, na kuongeza “karibu na mlango” hubadili maana, kwa sababu aliye karibu na mlango huenda hana shughuli nao. Hata hivyo tahadhari yahitajika. “Motoni” si “by the fire”. Aotaye moto yu kando ya moto. Aliye motoni anaungua.

Laiti shauri la Adler lingeongozwa na sheria iliyotungwa kwa Kiswahili, mwandishi angekuwa na uchaguzi ambao Kiingereza hakikumpa kwa neno moja. “Kwenye kituo” humchukua aliye ndani na aliye langoni kwa pamoja. “Kituoni mle” humfungia ndani. “Viungani mwa kituo” humtoa nje. Hakuna hakika kwamba angechagua vyema, lakini zana zilikuwapo.

Ushahidi ulio bora kuliko wote watoka kwa wananchi wenyewe. Katika hati za mauziano ya mashamba zinazoandikwa vijijini, mara nyingi na watu wasiosomea sheria, mipaka hutajwa kwa pande nne: kaskazini linapakana na shamba la fulani, kusini na barabara, mashariki na mto, magharibi na msitu wa kijiji. Hapana anayeandika kuwa shamba lake “liko karibu na” la fulani, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba maneno hayo hayamlindi. Mkulima ametambua tofauti ambayo mfasiri wa ofisini ameisahau.

6.0 Hoja za Upinzani

Yumkini atatokea msomi wa kusema kwamba muktadha hutosha; kwamba Waswahili wameelewana kwa “karibu” karne na karne. Hoja hii ni ya kweli kwa mazungumzo, ambapo msemaji aweza kunyoosha kidole. Maandishi hayana kidole. Sheria husomwa na asiyekuwapo ilipotungwa, juu ya mahali asipopaona, na mara nyingi katika ugomvi ambao kila upande unatafuta maana inayoufaa.

Hoja ya pili ni kwamba kuyafuata maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine ni kukiburura Kiswahili nyuma ya lugha ya kigeni. Hoja hii ina heshima yake, na kwa sehemu makala haya yanaiunga mkono. Kubuni kisawe kimoja kwa kila neno la Kiingereza lingekuwa kosa jingine la namna ile ile, kwani kungedhani tena kuwa maneno ndiyo yanayofasiriwa. Kinachopendekezwa ni kufasiri swali. Mfasiri akishajua kwamba sheria inauliza juu ya mpaka, Kiswahili kitajibu kwa kitenzi. Kiingereza kimejibu kwa kivumishi. Hapo Kiswahili hakifuati mtu nyuma. Kinatembea kwa miguu yake.

Hoja ya tatu ni kwamba yafaa kuacha maneno na kukimbilia tarakimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imefanya hivyo: badala ya kukataza shughuli za kudumu “karibu na” maji, imetaja mita 60 kutoka ufuoni au ukingoni. Huo ni mfano mwema wa kuigwa pale umbali unapokuwa ndilo swali lenyewe. Lakini tarakimu hujibu swali la kwanza tu. Haziwezi kusema nani anayefuata, wala nani anapakana na nani, wala nani yuko kazini langoni. Tena hata mita 60 zahitaji mahali pa kuanzia kupimwa, na mahali hapo, ukingo wa mto unaojaa masika na kupungua kiangazi, hutajwa kwa maneno.

7.0 Hitimisho

Tangu kamusi ya Madan ya mwaka 1894, kupitia ile ya Johnson ya mwaka 1939, hadi kamusi ya TUKI ya mwaka 1996, kazi ya kuyapatia maneno ya Kiingereza maelezo ya Kiswahili imefanywa kwa juhudi inayostahili shukrani. Hatua iliyobaki ni ya kupanga. Maneno ya ukaribu yangefaa kupangwa katika kamusi kulingana na maswali yanayojibu, kila kidahizo kikiwa na sentensi ambayo humo kisawe cha jirani yake hakiwezi kutumika. Mwanafunzi wa tafsiri apimwe kwa mifano ambayo humo mambo yameachana: mji ulio karibu na mji unaofuata, shamba la jirani na shamba linalopakana, mtu aliye kituoni na mtu aliye viungani mwa kituo. Na wanaofasiri sheria wakae pamoja, wanaisimu na wanasheria, wakubaliane tangu sasa “adjoining”, “adjacent” na “vicinity” zitasomekaje katika sheria zote, ili shamba lililoitwa “linalopakana” katika sheria moja lisigeuke “la karibu” katika nyingine.

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa mfasiri fimbo iko mkononi: “-pakana”, “-gusana”, “-fuata”, “ubavuni”, “viunga”, na ile pa ndogo iliyomweka mwuguzi mahali pake. Zikiachwa ziote kutu huku “karibu na” ikiendelea kutumikishwa peke yake, atakayeumwa ni mwananchi aliyesimama na hati yake mbele ya baraza, akiulizwa shamba lake linaishia wapi.